Baba au dada

Juzi mtoto wa darasa la pili alinisomea: "Dada amerudi na samaki." Kitabuni ni baba, na pembeni pamechorwa mzee wa ndevu kashika changu wawili. Darasani kosa hilo lingepita, maana sentensi haijaharibika. Hata dada huleta samaki. Mimi ndipo ninaposimama. B na d ni umbo moja lililogeuzwa, na Kiswahili kimeziweka kwenye maneno ambayo mtoto huyakuta ukurasa wa kwanza.

Mimi ni mwalimu wa elimu maalum hapa Lamu, napima wanaoshindwa kusoma. Kazi hii niliionja kwa bakora kabla ya kuisomea. Chuoni, kwenye madrasa, herufi za Kiarabu be, te na the zilikuwa bakuli moja kwangu, nukta sikuzishika. Nikajiokoa kwa masikio: nawasikiliza wenzangu, nahifadhi, kisha napitisha kidole kwenye juzuu kana kwamba nasoma. Maalim akanisifu. Shuleni hila hiyo haikufua dafu. Nikapelekwa kwa daktari wa macho, nikapewa miwani, herufi nikaziona vizuri mno, na kusoma nisisome.

Ugumu huu wa kusoma huitwa disleksia. Hauko machoni, wala si upungufu wa akili. Ni ugumu wa ubongo kuzichambua sauti za neno na kuzifunga upesi kwenye herufi zake, na mara nyingi huenda na ukoo. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14, Percy, hodari wa hesabu asiyeweza kusoma. Mwalimu wake alisema angeongoza shule kama masomo yangekuwa ya mdomo tu. Nikifika hapo hukumbuka juzuu yangu.

Kwetu tatizo hujificha zaidi. Kiswahili husomwa kinavyoandikwa, hivyo silabi kwa silabi wengi hufika. Kinachobaki ni uzito: neno kama "hawakutuandikia" mtoto hushika kichwa, mkia akaubahatisha. Huyo huitwa mvivu. Kikija Kiingereza, na "though" na "tough" zake, anaanguka kabisa, na watu husema ni Kiingereza tu hakimwingii. Ndiyo maana nawapa maneno yasiyo na maana: pezuko, nyamboshi, ng'edu. Hayo hakuna aliyeyahifadhi, na picha haina msaada.

Disleksia haiponi. Kufundishwa sauti moja moja, kwa mdomo, kwa sikio na kwa kidole mchangani, husaidia sana, hasa mapema. Mimi na mvi zangu bado ripoti naisoma alfajiri, mara mbili, ya pili nikiiachia simu inisomee.

Wakubwa wenzangu wana hila zao. Nahodha mmoja wa boti za Mokowe alinijia na barua ya shule ya mwanawe. "Mwalimu, nisomee, miwani nimeiacha nyumbani." Tulikuwa tumeketi gatini. Kabla sijaifungua bahasha alinyosha kidole upande wa Manda, akanitajia mashua inayokuja na mwenyewe aliyeshika usukani. Mimi naona tanga tu.

Nikamsomea. Mtoto anakuja Jumamosi, na baba mtu nimemwambia naye abaki.