Programu ya ujumbe wa kazini: yanayosemwa Mbeya na yaliyo kweli

"WhatsApp ipo, hiyo yenu ya nini?" Vijana wanaotengeneza programu za ujumbe wa kazini huulizwa hivyo kabla hata hawajamaliza kujieleza, iwe Mwanjelwa au Uyole. Kwa kupiga soga na kutumiana picha za harusi, WhatsApp inatosha kabisa. Kazi ina mahitaji yake.

Chukua mfano wa kituo cha kununulia chai Rungwe. Majani mabichi hayasubiri: yakishindiliwa kwenye gunia yanapata joto, yanabadilika rangi na ubora unashuka. Karani akimaliza kupima anaandika kwenye grupu, "Kilo 640, lori lije." Juu ya ujumbe wake kuna salamu za asubuhi, chini kuna rambirambi na michango ya msiba. Dereva aliye Tukuyu mjini anakuja kuuona saa mbili baadaye, na hapo hakuna aliyezembea. Programu ya kazini huipa taarifa hiyo mahali pake: kituo gani, kilo ngapi, saa ngapi, na haiachi kumkumbusha dereva mpaka abonyeze kwamba anakuja.

Tena mazungumzo ya grupu yanakaa kwenye simu za watu, si kwa kampuni. Karani akihama anaondoka na namba ambayo wakulima wote wanaijua, na anayempokea anaanza upya.

"Huku milimani mtandao hakuna, haitafanya kazi." Ni kweli unakatika, Makete na kwenye mashamba ya miti ya Mafinga watu wanalijua hilo. Ila ujumbe wa maandishi ni mdogo mno. Kinachomaliza bando ni video na picha. Programu iliyoandikwa vizuri hutunza ujumbe ndani ya simu, huupanga foleni, na kuutuma simu ikishika mtandao. Ugumu uko kwingine. Simu ikituma, mtandao ukakatika kabla jibu halijarudi, itatuma tena, na kilo 640 zinaweza kusomeka 1,280. Ndiyo maana kila ujumbe hupewa namba yake ya kipekee, seva, yaani kompyuta kuu inayopokea ujumbe wote, ikikutana nayo mara ya pili iache kuihesabu. Mwenye kitochi naye asisahaulike: SMS moja ina herufi 160, zinatosha kabisa kutaja kilo na kuita lori.

"Ujumbe umefungwa, hakuna anayeweza kuusoma." WhatsApp inafunga ujumbe mwanzo hadi mwisho tangu 2016, lakini kufuli hilo linalinda njia. Atakayeshika simu iliyo wazi atasoma kila kitu. Na ukikusanya majina na namba za wakulima, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu.

"Mambo haya ni ya Dar, tena ya wenye mtaji mkubwa." Stewart Butterfield na wenzake walikuwa wakitengeneza mchezo wa kompyuta uitwao Glitch. Mchezo ukafungwa 2012. Walichobaki nacho ni chombo walichojitengenezea ili wawasiliane wakiwa miji tofauti. Ndicho kikawa Slack, programu ya ujumbe wa kazini, kikazinduliwa 2014, na kampuni ya Salesforce ya Marekani ikakinunua 2021 kwa dola karibu bilioni 27.7. Walikuwa wanakitumia wenyewe kila siku, na hilo kijana aliyesoma MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, analiweza bila kuhamia Dar: akae kwenye kituo cha chai msimu mzima.

Halafu kuna hili: "Bosi atatupeleleza." Hofu hii siiiti potofu. Programu inaweza kabisa kumwonyesha meneja nani yuko hewani saa 4 usiku, na wapo watakaoitaka kwa sababu hiyo hiyo. Saa za kazi ziwekwe ndani ya programu, ujumbe wa usiku usubiri asubuhi, na mfanyakazi aone kila kinachorekodiwa juu yake. Na wauzaji wa programu hizi watakaofika kiwandani bila kuongea na karani hata mmoja, wapelekwe kwanza vituoni.