Imechelewa kabla ya Tabora au baada?

Ukikaa stesheni ya Kigoma kumsubiri shemeji na treni haionekani, swali ni moja: imekwama wapi? Kama iliingia Tabora kwa saa yake, basi tatizo liko huku kwetu. Kazi yangu ya kupima mishipa ya fahamu ni swali hilohilo, ila mimi nahesabu milisekunde.

Ubongo ndio Dar. Shingo ndiyo Tabora, njiapanda ya mishipa kama ilivyo ya Mwanza na Kigoma. Msuli wa dole gumba ni mwisho wa reli.

Naweka koili, yaani waya uliozungushwa, juu ya kichwa. Mkupuo wa sumaku unapenya fuvu, unaziamsha seli zinazoamrisha mkono, na dole gumba linaruka lenyewe. Wengi hucheka. Elektrodi zilizobandikwa kwenye msuli zinanasa mruko huo: kwa mtu mzima mwenye afya, takriban milisekunde 20 baada ya mkupuo. Halafu nahamishia koili nyuma ya shingo, mishipa inapotoka kwenye uti wa mgongo: kama 13. Toa 13 kwenye 20, unabaki na 7, ambayo ni safari ya ubongoni hadi shingoni. Hesabu ya darasa la pili, lakini bila hiyo huwezi kujua ugonjwa uko juu au chini.

Mwaka 1980 watafiti Merton na Morton walifanya jambo hili kwa umeme juu ya ngozi ya kichwa. Ulifika, ila uliuma. Sumaku ililetwa na Anthony Barker na wenzake kule Sheffield, Uingereza, 1985.

Kuna siku nusura niaibike. Mama mmoja wa Ujiji alikuwa amekaa muda mrefu chini ya kiyoyozi. Kichwani nikapata 22, shingoni 15. Nikaanza kuandika kwamba mishipa ya mkono imeharibika. Nilipomshika ili nirekebishe elektrodi, vidole vilikuwa baridi kama samaki wa barafu. Mshipa uliopoa hupoteza kasi ya karibu mita 2 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya joto, na mimi kipimajoto nilikiacha mezani.

“Mama, naomba uloweke mkono kidogo.”

“Mwanangu, ungesema mapema, nimeganda hapa tangu asubuhi.”

Baada ya beseni la maji ya vuguvugu, 20 na 13. Ile 7 haikuwa imetikisika hata kidogo.