Mkeka wa Pilates: ulizeni kabla ya kununua

Haipiti wiki mbili kliniki ninapofanya kazi ya fiziotherapia, hapa Dar es Salaam, kabla hajaingia mtu na mkeka wa mazoezi begani, mpya, mnene, bado unanuka kiwanda. Ameambiwa mazoezi ya Pilates, yaani yale ya polepole ya kuimarisha misuli ya kiwiliwili, yatamfaa mgongo, akapita dukani akachukua ulio mnene kuliko yote. Ninapomwambia mkeka ule hatuwezi kuuweka kwenye mashine yetu ya Pilates, iitwayo rifoma, naona uso ukimbadilika, maana ametoa hela yake. Yafuatayo ni maswali ninayoulizwa mara kwa mara, pamoja na majibu yangu.

Rifoma ni kitu gani? Na kama ina sponji yake tayari, mkeka wa nini tena?

Rifoma ni kitanda chembamba cha mazoezi chenye reli mbili. Juu ya reli hukaa kigari kilichojazwa sponji na kuvalishwa ngozi ya bandia, nacho kimefungwa springi upande wa miguuni. Ukikisukuma, springi zinavutika, ukilegeza, zinakirudisha. Kuna bomba la kukanyagia, mikanda ya kuvuta kwa mikono au miguu, mahali pa kulaza kichwa, na vikingio viwili vinavyoyazuia mabega yasiteleze.

Aliyeibuni ni Joseph Pilates, Mjerumani wa Mönchengladbach aliyezaliwa mwaka 1883 na kukua akisumbuliwa na pumu na matege. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Uingereza, akazuiliwa kambini katika kisiwa cha Man pamoja na Wajerumani wenzake. Inasimuliwa kwamba huko ndiko alikofunga springi kwenye vitanda vya wagonjwa ili wanyooshe viungo wakiwa wamelala. Katikati ya miaka ya 1920 alihamia New York, akafundisha huko mpaka alipofariki mwaka 1967.

Mkeka unaotandikwa juu ya kigari una kazi mbili tu. Kwanza, unashika: ukipiga magoti, ukisimama au ukiweka viganja, usiteleze. Pili, unatenganisha jasho lako na la aliyekutangulia. Kukulaza pahali laini si kazi yake, kigari chenyewe kinakulaza.

Sasa ninunue wa unene gani?

Hili ndilo ninalotamani kila mtu alielewe. Kwa rifoma, chukua mkeka mwembamba, milimita 3 au chini kidogo ya hapo. Kwa Pilates ya sakafuni, chukua wa milimita 8 hadi 15, kutegemea mwili wako na sakafu yako. Mikeka mingi ya yoga ina milimita 4 hadi 6, yaani iko katikati: kwa kulala sakafuni ni myembamba, kwa kigari ni minene.

Kwa nini mnene haufai kwenye mashine? Mwaka jana mama mmoja alikuja na wa milimita 15, akasisitiza tuutumie kwa sababu magoti yanamuuma. Nikautandika kigari kikiwa kimefungwa, hakisogei, ili ajionee mwenyewe. Alipolala, mabega yalinyanyuka, vikingio vikamgusa pembeni pa shingo badala ya kushika juu ya bega. Alipopiga magoti, yalizama kwenye sponji mbili, ile ya kigari na ile ya mkeka, akaanza kuyumba hata kabla springi hazijafanya kazi. Na ncha ya mkeka ilikuwa inaning'inia ubavuni, kidole kimoja tu kutoka kwenye reli. Kigari kingetembea, ile ncha ingeingia chini ya magurudumu. Mashine ikikwama ghafla mtu akiwa amesimama juu yake, anaanguka.

Magoti yake tuliyasaidia kwa taulo dogo lililokunjwa mara mbili, likawekwa chini ya mkeka mwembamba, pale pale magoti yanapokaa. Hakulalamika tena.

Kwa hiyo kabla ya kununua, pima kigari cha mashine utakayotumia. Watengenezaji hawatoi kipimo kimoja, na mkeka wa kawaida wa yoga, wenye sentimita 61 kwa 173 hivi, ni mrefu mno. Unaweza kuukata kwa mkasi mkubwa. Hakikisha unaishia ndani ya kingo za kigari pande zote na haufuniki nafasi za vikingio.

Nyumbani sina mashine wala mkeka wa dukani. Nitumie mkeka wa ukindu? Godoro je?

Mkeka wa ukindu ni mzuri kwa kukalia na kulalia, lakini juu ya marumaru unateleza, na hauna kitu kinachokinga pingili za uti wa mgongo. Jaribu kukaa juu yake, uvute magoti kifuani, kisha ujiviringishe nyuma polepole. Utazihesabu pingili zako moja moja, na kifandugu kitakwambia neno. Mswala nao unateleza, na mimi ningeuacha ubaki kwa ibada yake.

Godoro ndilo baya zaidi, ingawa wengi hudhani linamhurumia mgonjwa. Kiuno kinazama, misuli ya tumbo haipati pahali pagumu pa kujisukumia, na wewe huwezi kujua kama mgongo umekaa sawa au umejikunja. Ukiweka viganja, sehemu ya chini ya kiganja inazama kuliko vidole, kifundo cha mkono kinapindika zaidi, na baada ya siku chache kinauma. Hii hutokea hata kwenye mikeka ya mazoezi iliyo laini kupita kiasi.

Kama huna kitu kingine, tandika blanketi zito lililokunjwa mara mbili juu ya zulia lisilosogea. Kichwa kikiwa kinaangukia nyuma, kidevu kinatazama dari, weka khanga iliyokunjwa chini yake. Anza na hivyo, wala usisubiri mashine. Watu hudhani rifoma ndiyo ngumu na sakafu ndiyo ya wanaoanza, kumbe mazoezi mengi ni magumu zaidi sakafuni, kwa sababu hakuna springi ya kukubebea mguu.

Dukani ipo ya kila aina. Nitautambuaje unaofaa?

Kwa mkono. Utandike sakafuni pale pale dukani, weka kiganja kilicholowana kidogo, kisukume mbele kwa uzito wa mwili. Kiganja kikiteleza leo, mguu utateleza kesho. Kisha geuza, usukume mkeka wote uone kama upande wa chini unaishika sakafu. Halafu weka goti moja, uegemee kwa sekunde kumi. Ukihisi mfupa umegusa sakafu, ni mwembamba mno kwa sakafuni. Ukihisi goti linaogelea, ni laini mno kwa chochote.

Mpira wa asili unashika vizuri kuliko vyote, ila ni mzito, una harufu, na mtu mwenye mzio wa mpira asiuguse. Kama glavu za mpira au puto hukuletea vipele au mwasho, wewe ni mmojawapo, muulize muuzaji umetengenezwa kwa nini. Wa PVC, aina ya plastiki, unadumu na ni rahisi kufuta. Ile minene myepesi ya sponji, inayobebeka kwa kidole kimoja, inafaa kulalia sakafuni, lakini inanyooka na kuchanika mapema, na kwenye mashine sitaki kuiona.

Lazima nivae soksi?

Kwenye rifoma, vaa zile zenye vidoti vya mpira chini. Soksi za kawaida ni hatari juu ya kigari. Peku inakubalika kama mashine ni yako mwenyewe.

Nimepata fangasi mguuni tangu nianze mazoezi. Mkeka unahusika?

Unaweza kuhusika. Fangasi wa ngozi huenea kwa kugusana na kwa vitu vyenye unyevu vinavyotumiwa na wengi, na bakteria wa majipu vilevile. Hapa kwetu pwani joto na unyevu vinawasaidia. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuviringisha mkeka ukiwa na jasho, kuutia kwenye mfuko wa plastiki, na kuuacha ndani ya gari mpaka kesho yake.

Ufute kila baada ya kipindi. Tia matone machache ya sabuni ya maji kwenye nusu lita ya maji, lowesha kitambaa, kamua, futa pande zote mbili, kisha pitisha kitambaa cha maji matupu, maana sabuni ikibaki utateleza. Uanike kivulini penye upepo. Jua kali hukausha mpira ukapasuka, na jiki pamoja na spiriti huharibu mpira wa asili na hata ngozi ya bandia ya mashine. Usiuloweke kwenye beseni. Mikeka yenye vitundu hufyonza maji na haikauki ndani.

Kama una kidonda kilicho wazi au jipu, lifunike vizuri au upumzike mpaka lipone. Na huo mguu, nenda ukaonwe upate dawa, kwa sababu kuosha mkeka hakutibu ngozi.

Kweli Pilates inatibu mgongo?

Inasaidia. Mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kuwa, kwa maumivu ya kiuno, Pilates ni bora kuliko kutofanya kitu au kufanya kidogo sana, lakini haikuthibitika kuwa inayashinda mazoezi ya aina nyingine. Ndiyo maana sikubali mtu akope hela ili alipie mashine. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kama kutembea haraka. Sakafu yako na barabara ya mtaani kwako vinatosha kuanzia.

Ila maumivu yakishuka mguuni yakiambatana na ganzi, tafuta mtaalamu kwanza. Na ukishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au ukapata ganzi sehemu za siri, hiyo ni dharura: nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nani awe mwangalifu zaidi?

Mjamzito aliyepita miezi mitatu ya mwanzo asilale chali kwa muda mrefu, kwani tumbo hukandamiza mishipa mikubwa ya damu. Afanye kwa ubavu, kwa kukaa au kwa kuinua kifua kwa mito. Mwenye mifupa iliyopungua uimara, hasa mama aliyekoma hedhi, aepuke kujikunja mbele kwa nguvu na kujiviringisha mgongoni, hata kama mkeka ni mzuri namna gani, maana pingili inaweza kuvunjika. Mwenye presha asibane pumzi.

Na kila mtu, akitaka kusimama juu ya rifoma, aanze kukanyaga sehemu isiyosogea, kisha ndiyo aweke mguu wa pili kwenye kigari. Kushuka ni kinyume chake: mguu wa kigarini hutangulia. Mkeka usiokuwa umekaa sawa uurekebishe ukiwa chini, kamwe si ukiwa juu.

Nitajuaje mkeka wangu umechoka?

Ukiinuka na kukuta punje za mpira kwenye fulana. Ukiona pale visigino vinapokaa pamekuwa pang'avu na panateleza. Au harufu ikirudi siku moja baada ya kuuosha. Usiutupe wote: kata vipande viwili vya ukubwa wa sahani kutoka sehemu ambayo bado nzima, uvioshe, uvitumie kuweka chini ya magoti sakafuni.