Taima Haijafa, Inasubiri Maji Yapate Moto

Mashine ya kufulia ya zamani, ya mlango wa mbele na kitasa cha kuzungusha, imekwama kwenye kufua. Dramu inazunguka kulia, inapumzika, inazunguka kushoto. Saa mbili zinapita, haisuuzi wala haikamui. Fundi anatoa hukumu: "Taima imekufa," yaani kile kifaa cha nyuma ya kitasa kinachopanga hatua za kufua. Mwenye mashine anahangaika kutafuta taima ya miaka ya 1980, haipati, na mashine yenye mota nzima na beringi nzima inapimwa kilo kama chuma chakavu. Jambo hili linaniuma, mafundi wenzangu, kwa sababu mara nyingi taima hiyo haina kosa lolote.

Mashine nyingi za Ulaya za enzi hizo zilitengenezwa hivi: maji yanapopashwa, mota ndogo ya taima hukatiwa umeme kwa makusudi. Maji yakifika nyuzi 40 au 60, thamostati, yaani swichi inayohisi joto, hubadilisha kontakti na taima inaendelea na safari. Maji yasipopata moto, ruhusa haiji, na kitasa kitabaki palepale hata ukeshe nacho. Kwa hiyo mashine "iliyokwama" mara nyingi ni mashine yenye maji baridi. Gusa kioo cha mlango baada ya nusu saa kabla hujagusa bisibisi.

Kipimo chake ni rahisi. Zima, zungusha kitasa kwa mwelekeo wa saa tu hadi kwenye kusuuza, kisha washa. Kikisogea chenyewe ndani ya dakika chache, mota ya taima ni nzima. Nakiri kwamba hilo halithibitishi kila kitu: kontakti ya hita iliyo ndani ya taima hiyohiyo inaweza kuwa imeungua, na hiyo utaijua kwa kuondoa washukiwa wengine kwanza.

Sasa hita. Chomoa plagi, toa waya mmoja wa hita, pima. Ya wati 2,000 kwa volti 230 inatoa omu 26 hivi. Mita isiposoma kitu, imekatika. Kati ya pini na bati lake kusiwe na njia ya umeme kabisa. Hapa mita ya kawaida hudanganya: hita inaweza kupimika vizuri ikiwa baridi, halafu ikapata moto na kuangusha swichi ya usalama. Ukiwa na shaka, tumia mega, kipimo cha uvujaji wa umeme, ya volti 500.

Na ukoko wa chokaa unaoganda juu ya hita? Nasikia kila siku kwamba "ukoko unazuia joto lisifike kwenye maji." Hapana. Wati 2,000 zikiingia kwenye hita, zote zinaishia kwenye maji. Ukoko unachofanya ni kulazimisha waya wa ndani uwe moto zaidi ili kuzisukuma nje, mpaka siku moja unakatika. Hita yenye ukoko mnene na omu 26 bado inapasha. Isafishe, usiitupe.

Umeme mdogo ndio unaochelewesha kweli. Volti zikishuka hadi 180, hita hiyohiyo inatoa wati 1,225 tu. Lita 12 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 60, zilizohitaji dakika 15, zinahitaji 24, bila kuhesabu nguo na dramu. Pima soketi hita ikiwa inafanya kazi, si mashine ikiwa imezimwa.

Swichi ya presha husahaulika. Hita haipewi umeme mpaka swichi hiyo ihisi maji yamejaa. Chomoa mpira wake, puliza taratibu, sikiliza mlio wa "tak". Kisha pima kontakti, kwa sababu mlio peke yake hautoshi: ampea karibu 9 zimepita hapo kwa miaka, na kontakti huungua huku ikilia vizuri. Chumba cha hewa ambako mpira huo unaanzia, kikiwa kimejaa uji wa sabuni, kioshe.

Mwisho ni thamostati. Itoe, itumbukize uso wake wa chuma kwenye sufuria ya maji juu ya jiko, pini zibaki kavu, kipimajoto kando, mita kwenye pini. Iliyoandikwa NO 60 (NO ni "normally open", wazi kwa kawaida) iwe wazi ikiwa baridi na ifunge karibu na 60. Tofauti ya nyuzi tano naikubali. Ikifika 75 bila kufunga, umempata mhalifu. Ile ya mrija mwembamba wenye kimiminika na kichwa cha kuhisi joto ina ugonjwa wa kinyume: mrija ukipasuka na kimiminika kikavuja, hita haikatwi na maji yanachemka.

Ukirudisha hita, paka gasketi sabuni ya maji, hakikisha ncha ya ndani imeingia kwenye klipu yake, ndipo ukaze nati. Zungusha dramu kwa mkono. Ikikwaruza, hita imepita nje ya klipu. Itoe uanze upya.