Kihisi cha toki kwenye baiskeli ya umeme ni nini?

Hapa Kisumu, ukitoka Mamboleo kupanda mlima wa Riat kwa baiskeli, gunia la viazi likiwa kwenye keria, miguu bado inazunguka lakini kila pedali inagoma kushuka. Anayekutazama kwa mbali haoni tofauti kubwa na ulivyokuwa ukienda kule tambarare. Tofauti iko kwenye nguvu unayokanyagia. Kihisi cha toki ndicho kifaa kinachoipima nguvu hiyo na kuiarifu mota. (Wengine husema "sensa". Mimi naona hilo tuwaachie wanaohesabu watu.)

Toki ni nguvu ya kuzungusha. Fundi aliyeshindwa na nati yenye kutu huchomeka bomba kwenye spana ili mpini urefuke. Misuli ni ileile, ila nati inalegea. Ndiyo maana toki hupatikana kwa kuzidisha nguvu kwa urefu wa mkono unaozungusha, na kipimo chake ni nyutoni mita. Mkono wa pedali una kama sentimita 17. Mkono huo ukiwa umelala sawa na ardhi, ukaukanyaga kwa uzito wa kilo 30, unapata nyutoni mita 50 hivi.

Sasa, chuma hata kiwe kigumu namna gani, ukikisokota hukubali kidogo, kiasi kisichoonekana kwa jicho. Kwenye ekseli ya pedali hubandikwa utepe mwembamba wa metali. Ekseli ikisokotwa, utepe nao unavutika, na umeme unapita ndani yake kwa shida zaidi. Badiliko hilo dogo ndilo linalosomwa. Vihisi vingine haviigusi ekseli kabisa: husoma jinsi usumaku wake unavyobadilika inaposokotwa.

Baiskeli nyingi za bei nafuu hazina kifaa hiki. Zina kisahani cha sumaku kinachojua jambo moja tu, kwamba pedali zinazunguka au zimesimama. Ukizungusha miguu kivivu, mota inakusukuma vilevile, na hapo Kibuye siku ya soko, katikati ya mikokoteni na akina mama wa omena, hilo ni balaa. Mlimani nako, pale hasa unapotaka msaada wa kuondokea, inangoja kwanza pedali zizunguke. Yenye kihisi cha toki hukusukuma mara tu mguu unapokaza, na kwa kadiri ulivyokaza. Yamaha ya Japani ilianza kuuza ya namna hii mwaka 1993.

Kazi ngumu ni kwamba mguu hautoi nguvu sawa mzunguko mzima. Pedali ikifika juu kabisa au chini kabisa, toki karibu inaisha, kisha inapanda tena. Kompyuta ndogo ya mota hulainisha mawimbi hayo, la sivyo ungesafiri kwa vishindo. Kuna pia vihisi vinavyosoma mguu wa kushoto pekee, kwa hiyo anayekanyaga zaidi kwa kulia hupunjwa.

Wakati wa kuwasha, usiweke mguu kwenye pedali. Vihisi vingi hujipanga sifuri wakati huo, kama mizani ya dukani. Muuzaji akibonyeza sifuri huku mkono wake umeegemea sahani, kipimo chote kinaharibika. Mguu wako nao ukiwa pale, uzito wake unahesabiwa kuwa si kitu, na mota itakupa msaada pungufu njia nzima. Ikitokea hivyo, izime, shusha miguu yote miwili chini, uiwashe upya.