Radiani moja ni nyuzi ngapi?

Chukua sahani ya duara yenye nusukipenyo cha sentimita 10. Kata uzi wa urefu huohuo, ulaze ukingoni mwa sahani ufuate mviringo wake, kisha uweke alama mwanzo na mwisho wa uzi. Kutoka kila alama chora mstari hadi katikati ya sahani. Pembe iliyojitokeza pale katikati ndiyo radiani moja. Sahani ikiwa kubwa zaidi uzi nao utarefuka, lakini pembe itabaki ileile.

Endelea kuupimia uzi huo ukingoni. Utaingia mara sita, na litabaki pengo la sentimita 2.8 hivi. Wanafunzi wengi hukereka na pengo hilo. Wangependa mzunguko mzima uwe radiani sita kamili, mambo yaishe. Lakini mzingo wa duara ni nusukipenyo mara 2π, yaani mara 6.283, kwa hiyo mzunguko mzima ni radiani 2π. Mzunguko huohuo ni nyuzi 360, au digrii 360 kama wengine wanavyosema. Nusu yake inatupa usawa unaotosha kwa kazi yote: radiani π ni nyuzi 180.

Gawanya 180 kwa π upate 57.2958. Lugha yetu inatuchezea kidogo hapa: uzi mmoja wa ukingoni una nyuzi 57 na ushei.

Kubadili nyuzi kuwa radiani, zidisha kwa π kisha gawanya kwa 180. Nyuzi 75 zinakuwa 75π/180, ambayo ni 5π/12, au takriban 1.309. Kurudi kwenye nyuzi, zidisha kwa 180 na ugawanye kwa π: radiani 2.4 ni nyuzi 137.5. Anayesahau kipi kinakaa juu na kipi chini ajiulize tu kama jibu linaingia akilini. Radiani ni kipimo kikubwa, hivyo idadi yake lazima iwe ndogo kuliko ya nyuzi. Ukipata kwamba nyuzi 75 ni radiani 4,297, umeigeuza kanuni kichwa chini. Mimi hushauri pia π iachwe kama ilivyo hadi hatua ya mwisho, anayeweka 3.14 mapema hupunguza usahihi bila sababu.

Kuna mtego mwingine kabla hata ya kuanza. Nyuzi moja hugawanywa katika dakika 60, na kila dakika katika sekunde 60, urithi wa Wababeli waliohesabu kwa sitini. Kwa hiyo nyuzi 12 na dakika 30 ni nyuzi 12.5, wala si 12.30. Badili dakika kwanza, ndipo uende kwenye radiani.

Makosa mengi ninayokutana nayo, hata hivyo, hayatokani na kanuni. Yanatokana na kikokotoo. Mtu anataka sin ya nyuzi 30, anajua jibu ni 0.5, kikokotoo kinamwonyesha −0.988. Anadhani kimeharibika. Hakijaharibika: kipo kwenye radiani, na kimesoma 30 kama radiani 30, ambazo ni mizunguko minne mizima na nyuzi 279 hivi juu yake. Angalia juu ya kioo: D ni nyuzi, R ni radiani. Ukiona G, hicho ni kipimo cha tatu kinachogawa mzunguko mara 400, na hapo sin ya 30 itakuwa 0.454. Jibu hili la mwisho ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa linafanana na jibu sahihi. Kabla ya hesabu yoyote ya pembe, bonyeza sin 30 uone unapata nini. Wanaoandika programu za kompyuta nao wakumbuke kwamba lugha nyingi za programu husoma pembe kwa radiani bila kuuliza.

Kwa nini basi tusibaki na nyuzi? Kwa sababu 360 ni namba tuliyoichagua sisi. Inagawanyika vizuri, lakini duara lenyewe halina habari nayo. Radiani inatoka ndani ya duara, na ndiyo maana kanuni zinakuwa nyepesi: urefu wa tao, yaani kipande cha mzingo, ni nusukipenyo mara pembe, basi. Gurudumu lenye nusukipenyo cha mita 0.3 likizunguka radiani 20 bila kuteleza, limesonga mita 6. Kwa nyuzi ungelazimika kuburuta π/180 katika kila mstari. Pembe zikiwa ndogo, raha inazidi: nyuzi 1 ni radiani 0.017453, na sin yake ni 0.017452.

Wazo lenyewe lilikuwepo tangu mwanahisabati Mwingereza Roger Cotes mwaka 1714, ila jina lilichelewa. Lilichapishwa mwaka 1873 huko Belfast, na aliyelitumia ni James Thomson, kaka yake mwanafizikia Lord Kelvin. Alilichapisha wapi? Kwenye maswali ya mtihani.