Tabo, supachaja na njia nyingine za kuongeza nguvu ya injini: dhana potofu na ukweli wake

Lita moja ya petroli, ili iungue yote, huhitaji takriban kilo 11 za hewa, yaani karibu lita 9,000 za hewa ya kawaida tunayovuta. Hesabu hiyo moja ndiyo inayobeba mjadala mzima wa nguvu ya injini, kwa sababu kumimina petroli zaidi ndani ya silinda ni kazi nyepesi, ilhali kupata hewa ya kuichoma ndiko kwenye shida. Njia zote zinazozungumzwa gereji, iwe ni injini kubwa zaidi, injini inayozunguka kwa kasi zaidi, tabo na supachaja (mashine za kubana hewa na kuisukuma ndani ya injini) au gesi ya naitrasi, zinajibu swali lilelile: oksijeni ya ziada itatoka wapi, na italipiwa kwa nini. Dhana nyingi potofu huzaliwa pale mtu anapohesabu nguvu aliyoipata na kuacha kuhesabu alicholipa.

Dhana iliyoenea kuliko zote inasema kwamba tabo ni nguvu ya bure, kwa kuwa inaendeshwa na moshi ambao ungetupwa hata hivyo. Ni kweli kwamba karibu theluthi moja ya nishati ya mafuta hutoka na moshi, na kwamba gurudumu la tabo, linaloweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, huvuna sehemu ya nishati hiyo. Lakini gurudumu hilohilo ni kizuizi katika njia ya ekzosi. Pistoni inapopanda kusukuma moshi nje hukutana na mgandamizo wa nyuma ambao injini isiyo na tabo haikutani nao kwa kiasi hicho, na kazi ya kuushinda hutolewa na krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Bei ni nafuu, ila ipo. Supachaja hulipa waziwazi zaidi, kwa kuwa huendeshwa na krenki yenyewe, kwa kawaida kupitia mkanda, na hula nguvu kila inapobana hewa. Inachorudisha ni hewa inayofika papo hapo mguu unapokanyaga mafuta, bila kungoja moshi uongezeke. Wanaosema kwamba supachaja imepitwa na wakati wangetazama magari ya Top Fuel katika mbio fupi za Marekani, ambayo hadi leo yanategemea supachaja.

Wapo pia wanaoamini kwamba kuongeza baa moja ya mgandamizo, yaani karibu sawa na mgandamizo wa anga, huzidisha nguvu mara mbili. Aliyewahi kujaza upepo kwenye tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi pampu inavyopata moto upande wa chini, na hicho ndicho kinachotokea ndani ya tabo. Hewa ya nyuzi 30 ikibanwa hadi mara mbili ya mgandamizo wa anga, hutoka kwenye tabo ya kawaida ikiwa na nyuzi 120 hivi. Kwa joto hilo, uzito wa hewa iliyomo katika kila lita umeongezeka kwa nusu tu. Intakula, ile rejeta ya hewa inayokaa kati ya tabo na injini, ikiishusha hadi nyuzi 50, ongezeko hukaribia asilimia 90. Anayepandisha mgandamizo bila kuipoza hewa huishia kununua joto, na katika injini ya petroli joto hilo huja na mlio wa kugonga ndani ya silinda, ambao haupaswi kupuuzwa hata kwa siku moja.

Kuhusu mwinuko, hapa kwetu kuna kutoelewana kwingi, nami naona ndilo eneo ambalo tabo hutetewa kidogo mno. Dereva anayetoka Mombasa na gari lisilo na tabo hufika Nairobi akilalamika kwamba gari limekuwa zito, na hushauriwa kubadilisha plagi, chujio au pampu ya mafuta. Huenda vyote hivyo ni vizima. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, sawa na Mbeya, na katika mwinuko huo mgandamizo wa anga umepungua kwa karibu asilimia 18, kwa hiyo injini inayovuta hewa kwa pistoni zake tu hupoteza nguvu kwa kadiri inayokaribia hiyo. Tabo inaweza kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Jambo hili lilithibitishwa zamani: tabo iliyobuniwa na mhandisi Mswisi Alfred Büchi, aliyepata hataza yake mwaka 1905, ilijaribiwa upya na Sanford Moss wa General Electric mwaka 1918, alipoipandisha injini ya ndege ya Liberty hadi Pikes Peak huko Colorado, zaidi ya mita 4,000 juu, na injini ile ikatoa nguvu iliyozidi kidogo ile iliyoitoa chini. Magari ya watu wa kawaida yalisubiri hadi 1962, Marekani ilipotoa Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder.

Dhana nyingine ni kwamba bila tabo injini ndogo haiwezi kuwa na nguvu. Honda S2000 ya mwaka 1999 ilitoa nguvu farasi 250 kutoka lita mbili kwa soko la Japani, bila tabo wala supachaja. Lakini iliipata nguvu hiyo kwenye mizunguko 8,300 kwa dakika, na msukumo wake mkubwa kabisa wa kuzungusha krenki, nyutonimita 218, ulikuja kwenye mizunguko 7,500. Golf GTI ya Volkswagen ya kizazi cha saba, ya lita mbili yenye tabo, ilikuwa na nguvu farasi 220, pungufu kwa 30, ila ilitoa nyutonimita 350 kuanzia mizunguko 1,500. Mwenye kupanda mlima na abiria watano atauhisi msukumo huo wa chini kabla hajaifikia ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye karatasi.

Dhana ninayoiogopa zaidi ni ile isemayo kwamba injini yoyote inaweza kufungwa tabo. Chukua 1HZ, dizeli ya lita 4.2 iliyojijengea heshima ndani ya Land Cruiser katika barabara zetu mbovu. Haikutengenezwa kwa ajili ya tabo. Ndugu yake 1HD-T, mwenye tabo kutoka kiwandani, ana ujazo uleule, lakini uwiano wake wa kubana hewa ndani ya silinda ni 18.6 kwa 1 badala ya 22.4 kwa 1, na dizeli yake hupulizwa moja kwa moja juu ya pistoni badala ya kupitia chumba kidogo cha pembeni. Wapo mafundi wanaofunga tabo kwenye 1HZ wakafaulu, kwa sababu huweka mgandamizo mdogo wa tabo na geji ya joto la moshi mbele ya dereva. Anayefungua pampu ya dizeli mpaka moshi mweusi umwagike, akidhani moshi ndio ushahidi wa nguvu, anatazama mafuta yaliyokosa hewa, na joto linalofuata hupasua hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda.

Kuhusu ekzosi pana, chujio la wazi na sauti ya valvu inayopumua dereva anapoachia mafuta, maneno machache yanatosha: sauti haiongezi nguvu, na kwenye injini isiyo na tabo faida ya vitu hivyo kwa kawaida ni ndogo. Kuandika upya programu ya kompyuta ya injini huleta tofauti kubwa zaidi pale penye tabo, kwa kuwa programu inaweza kuiamuru ibane hewa zaidi. Nayo gesi ya naitrasi, ambayo wengi huiita mafuta, yenyewe haiwaki. Ikipata joto la nyuzi 300 hivi huvunjika na kuachia oksijeni, na isipoongezewa petroli ya kutosha, pistoni huyeyuka.

Tabo hulaumiwa pia kwamba hufa mapema. Niliwahi kushika iliyotolewa kwenye gari la jirani yangu: shafti yake ilicheza kama jino bovu, na bomba la oili inayoilainisha lilikuwa limeganda masizi meusi ndani. Tabo nyingine ilikuwa tayari mezani, ndani ya boksi lake. Fundi hakuigusa kwanza. Alifungua bolti inayoshika bomba lile, akatoa kijichujio cha wavu kisichozidi ukucha wa kidole gumba, akakipuliza kwa mdomo, na pumzi haikupita.